Kuchagua Mashine za Bustani za Betri Zenye Viambatisho
Mazungumzo na wakandarasi na wasimamizi wa viwanja

Najua kwamba kila saa mnayokaa hapa nyasi zinaota, nami sitapenda kuwapotezea wakati.

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine zinazoingia madukani kwa wingi siku hizi: mpini mmoja wenye mota na betri, ambao kwa mbele hufungwa kifaa hiki au kile. Ukitaka kufyeka nyasi unafunga kichwa cha uzi wa nailoni; ukitaka kupogoa ua unafunga mkasi; ukitaka kukata tawi la juu unafunga msumeno wa mnyororo; ukitaka kusafisha njia unafunga kipulizia majani. Havina waya wa umeme wa kuburuta, havina petroli ya kuchanganya na oili, na havina moshi. Ni vyombo vizuri. Lakini malalamiko yanayotufikia ofisini juu yake yanazidi kufanana, na kwa sababu hiyo nitaanza na moja kati ya hayo.

Mama mmoja mkandarasi alipata kazi ya kutunza viwanja vya chuo. Uongozi wa chuo ulikuwa umechoshwa na kelele za mashine za petroli wakati wa vipindi, ukaweka sharti kwamba kazi za asubuhi zifanywe kwa mashine zisizopiga kelele. Mama yule akakopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akaenda dukani, akanunua seti: mpini mmoja, viambatisho sita, betri moja na chaja moja. Muuzaji alimwambia kwamba betri ile inakaa saa nzima.

Jumatatu saa mbili asubuhi kazi ikaanza. Kabla ya saa mbili na nusu betri ilikuwa imekwisha. Chaja iliyokuja ndani ya boksi ilihitaji saa mbili kuijaza. Hadi kufika saa saba mchana mashine ilikuwa imezunguka kwa muda wa saa moja tu, na vibarua watano walikuwa wameketi chini ya mwembe wakisubiri. Jioni ilipofika, ujira wao ulidaiwa wote, kwa maana mtu aliyekaa kwa kukosa chombo hakukaa kwa hiari yake. Mwisho wa wiki chuo kikaandika barua ya onyo, na marejesho ya mkopo yakawa yanakaribia.

Mama akarudi dukani. Muuzaji akamwonyesha ubao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilipolisoma jalada lile nilitaka kwanza kujua ni nani aliyesema uongo. Nikakuta kwamba ile saa moja ilikuwa imeandikwa kweli kwenye boksi, na chini yake, kwa maandishi madogo, ilielezwa kuwa muda huo ulipimwa kwa mwendo wa chini kabisa. Muuzaji alikariri nusu ya maandishi. Mnunuzi naye hakuulizwa, wala hakusema, siku yake ya kazi ina urefu gani. Hasara yote ilizaliwa katika pengo hilo. Ndugu zangu, neno langu la leo ni moja: msiende dukani kuchagua mashine kabla hamjaipima siku yenu ya kazi. Mpini ni sehemu tu ya ununuzi. Kinachoibeba siku ni betri, chaja, na fundi aliye nyuma yake.

Pimeni siku yenu kwanza

Chukueni daftari, na kwa muda wa wiki moja andikeni dakika ambazo kila mashine mliyo nayo sasa inazunguka kweli. Msiandike muda wa kuwapo uwanjani, kwa sababu ndani yake kuna kutembea, kukusanya nyasi, kunywa chai na kusubiri geti lifunguliwe. Andikeni muda wa mota au injini kufanya kazi. Wengi watashangaa kuona kwamba siku ya saa nane ina saa nne tu za mashine. Na wengine watashangaa kuona kwamba zinafika sita.

Kisha tufanye hesabu. Betri hubeba nishati, na nishati hiyo hupimwa kwa wati-saa. Kuipata ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa, namba mbili zilizoandikwa kwenye betri yenyewe. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Mashine ikila wati 500 kwa wastani katika nyasi nzito, gawanya 180 kwa 500, utapata dakika kama 21. Hapo ndipo ilipotoweka saa nzima ya mama yule.

Sasa tuchukue siku ya mfano. Kufyeka kwa uzi saa tatu, kwa wati 500: wati-saa 1500. Kupogoa ua dakika 40, kwa wati 250: yapata wati-saa 167. Kupuliza majani nusu saa, kwa wati 700: wati-saa 350. Jumla ni kama wati-saa 2017. Ukigawanya kwa 180, unahitaji betri kumi na mbili zilizojaa, au betri sita ambazo kila moja itajazwa mara moja zaidi mchana, na chaja za kuzijaza kwa wakati. Ongezeni akiba isiyopungua moja ya tano, kwa sababu betri ya leo haitabeba mzigo huohuo baada ya kujazwa na kumalizwa mamia ya mara.

Namba hizi ni za mfano. Nyasi fupi za ukoka zilizotunzwa hula umeme mdogo. Magugu yaliyolowa mvua za masika hula mwingi. Ninachowaomba ni kuishika njia ya hesabu, kisha mtie namba zenu wenyewe. Aliyefanya hesabu hii huingia dukani akijua kama anatafuta betri mbili au sita, na huenda akagundua kwamba fedha aliyo nayo haitoshi mwaka huu. Ni afadhali kuligundua hilo mezani kuliko kuligundua uwanjani mbele ya vibarua.

Wale ambao siku zao ni ndefu waulizie pia betri za kubeba mgongoni, ambazo baadhi yake huzidi wati-saa 1000. Bei yake ni kubwa, lakini huondoa uzito mikononi na hupunguza safari za kurudi kwenye chaja.

Kuzisoma namba za betri

Mtakuta betri mbili dukani, moja imeandikwa volti 18 na nyingine volti 20, na mtaambiwa kwamba ya pili ina nguvu zaidi. Ifungueni siri hii. Ndani ya betri za lithiamu mna seli ndogo zilizopangwa mfululizo. Seli ya aina inayotumika zaidi katika mashine hizi huhesabiwa kuwa na volti 3.6 inapofanya kazi, na yapata volti 4 inapokuwa imejaa na haijabebeshwa mzigo. Seli tano kwa hesabu ya kwanza ni 18; seli zilezile tano kwa hesabu ya pili ni 20. Vivyo hivyo, betri ya volti 36 na ile inayotangazwa kuwa na upeo wa volti 40 huwa zote na seli kumi mfululizo. Tofauti iko kwenye wino wa boksi.

Kwa hiyo msilinganishe volti peke yake, wala ampea-saa peke yake. Betri ya ampea-saa 5 yenye volti 18 ina wati-saa 90, nusu ya ile ya volti 36. Pia zipo mashine zinazoingiza betri mbili za volti 18 kwa pamoja. Hizo humfaa mtu mwenye betri nyingi za aina hiyo tayari, labda za mashine za kutobolea, lakini akumbuke kwamba kila zamu inamaliza betri mbili.

Kisha ulizeni juu ya chaja. Mara nyingi chaja iliyo ndani ya seti ni ile ndogo kabisa. Chaja inayotoa wati 90 huhitaji saa mbili kuijaza betri ya wati-saa 180. Inayotoa wati 250 huhitaji chini ya saa moja. Gharama ya umeme wenyewe si kubwa: uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1000, na hata ukitoa kinachopotea njiani bado itajaza betri hiyo yapata mara nne au tano. Tatizo la mkandarasi mara nyingi ni wakati, na mahali pa kuchajia. Je, mwenye uwanja atakuruhusu kutumia soketi yake? Jambo hilo liandikwe katika mkataba, lisiachwe kwa hisani ya mlinzi wa zamu. Na kama mnategemea jenereta, someni katika kitabu cha chaja kama inaruhusiwa, na jenereta ya aina gani.

Mpini mmoja, kazi nyingi: faida na mtego wake

Mpini wenye viambatisho vingi una faida halisi kwa mtu mwenye kazi ndogondogo nyingi katika uwanja mmoja. Anabeba chombo kimoja katika bajaji, anajifunza namna moja ya kukiendesha, na betri ni za jamii moja. Lakini mpini mmoja hushikwa na mtu mmoja. Viambatisho sita havifanyi kazi sita kwa wakati mmoja, na mpini ukiharibika vyote sita vimeharibika pamoja nao.

Kanuni yangu ni hii. Kazi ikichukua zaidi ya nusu ya siku, inunulieni mashine yake maalumu. Mtu anayepogoa ua kutwa nzima atafanya kazi vizuri zaidi kwa mkasi wa ua uliotengenezwa hivyo tangu kiwandani, kwa kuwa mkasi uliofungwa mwisho wa mpini mrefu huvuta mbele na kuchosha mabega. Kazi za dakika kumi hapa na ishirini pale ndizo za viambatisho. Na kwa fedha ileile, mipini miwili yenye viambatisho vitatu humfaa mkandarasi kuliko mpini mmoja wenye viambatisho vinane, ambavyo vitano kati yake vitabaki stoo vikiota vumbi.

Mkifika dukani, msiridhike na kuitazama mashine ikiwa mezani. Fungeni kiambatisho kizito kuliko vyote, tieni betri, vaeni mkanda wa begani, na mwishikeni hivyo kwa dakika kumi aliye mfupi na aliye mrefu katika kikosi chenu. Kagueni kiungio: kinafungwa na kufunguliwa bila kulazimishwa? Kikishafungwa, kinacheza? Kiungio kinachocheza kikiwa kipya kitazidi kucheza kadiri kinavyotumika. Mkiambiwa kwamba kiambatisho cha kampuni nyingine kinaingia, kumbukeni kwamba kuingia si kufaa. Mwendo wa mota unaweza kuwa tofauti. Fungeni vile tu vilivyoorodheshwa katika kitabu cha mashine.

Ulizeni waziwazi kama mpini huo unaruhusiwa kufungwa kisu cha chuma. Si yote inayoruhusiwa. Kisu cha chuma kinahitaji kinga yake, tofauti na kinga ya uzi, na mpini wenye kizuizi kinachouweka mwili mbali na kisu. Kwa mkasi wa ua, pimeni nafasi iliyo kati ya meno: tawi lisilopita kati ya meno halitakatwa, na ua wa michongoma ulioachwa miaka miwili una matawi manene kuliko mnavyodhani. Tazameni pia vitu vidogo vinavyokwisha kila wiki. Uzi wa nailoni wa unene unaotakiwa unauzwa mjini kwenu? Tundu la kisu ni la milimita 25.4 au 20, ambayo mtapata visu vyake kwa urahisi, au ni la kipimo cha peke yake?

Afya na usalama wa mwenye kuishika

Mashine ya betri ni tulivu, na utulivu huo una hatari yake. Injini ya petroli ikizimika kila mtu anajua. Mota ya betri hunyamaza huku ikiwa tayari kuzunguka mara kidole kikigusa kifyatulio. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kikosi iwe hii: betri hutolewa kabla ya kunasua nyasi, kubadili kisu au kusogeza kinga, hata kama ni kwa sekunde tano.

Ulizeni kipimo cha mtetemo, ambacho huandikwa kwa mita kwa sekunde ya mraba. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2002 humtaka mwajiri achukue hatua pindi mtetemo wa mikono, ukihesabiwa kwa siku ya saa 8, unapofikia 2.5, na hayamruhusu kuvuka 5. Mtetemo wa muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Namba hizo ni kipimo kizuri cha kulinganishia mashine mbili, hata kwetu.

Miwani na viatu vigumu havina mjadala. Kipulizia majani na msumeno hupiga kelele hata vikiwa vya betri, basi masikio nayo yakingwe. Mnaopogoa ua wa minyaa mnajua utomvu wake unavyochoma. Mashine huurusha mbali kuliko panga, na jicho likiingiwa ni safari ya hospitali.

Betri nayo inataka adabu. Isichajiwe juani wala ikiwa bado ya moto kutoka kazini. Iacheni kivulini ipoe. Isichajiwe katika stoo yenye petroli au rangi, wala kwenye chumba kilichofungwa usiku bila mtu. Isioshwe kwa maji ya mpira. Ikiwa haitatumika kwa wiki nyingi, ihifadhiwe ikiwa imejaa nusu, mahali pakavu. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoanguka kwa kishindo haifai tena kuchajiwa. Wekeni nje mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha mrudisheni muuzaji au wakala. Isitupwe kwenye takataka wala kuchomwa.

Muuzaji, dhamana na sheria

Wapo wanaofikiri kuagiza betri kupitia msafiri anayetoka Dubai, kwa kuwa bei ya huko inavutia. Wajue kwanza kwamba katika ndege za abiria betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kuwekwa kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Inayozidi wati-saa 100 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Na inayozidi 160 abiria haruhusiwi kuibeba kabisa. Betri yetu ya mfano ya wati-saa 180 haiwezi kuja kwa njia hiyo. Na hata ikifika kwa njia ya mizigo, atakayeihudumia yuko wapi? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Basi ulizeni: fundi aliyeidhinishwa yuko mji gani? Vipuri vinakaa hapa nchini, au huagizwa kila kimoja kinapohitajika? Mashine ikiwa kwa fundi wiki tatu, kuna ya kuazima? Betri za aina hii zimekuwa sokoni miaka mingapi, na mtindo mpya wa mashine unaingia betri zilezile? Ulizeni pia juu ya viwango. Mfululizo wa IEC 62841 unahusu usalama wa mashine za mkononi na za bustani zenye mota ya umeme, na IEC 62133-2 unahusu usalama wa betri za lithiamu zinazobebeka. Muuzaji asiyeweza kuwaonyesha hati au alama yoyote amejibu swali lenu. Mkishuku kwamba bidhaa ni hafifu au hatari, pelekeni taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania.

Dhamana isomeni yote. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ndefu kwa matumizi ya nyumbani na fupi kwa matumizi ya biashara, na betri mara nyingi huwa na muda wake peke yake. Mkandarasi anayeahidiwa miaka mitatu anaweza kukuta kwamba yeye, kwa kuwa anafanya kazi ya malipo, ana mwaka mmoja au hana kabisa. Neno la muuzaji kaunta halitoshi, liandikwe.

Hapa sheria inawasaidia, mkiisaidia nanyi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inasema kwa maana yake kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi mahususi anayoitakia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kuwa anategemea ujuzi wa muuzaji, na muuzaji huyo huuza bidhaa za aina hiyo katika biashara yake, bidhaa hiyo sharti iifae kazi hiyo kwa kiasi cha haki. Lakini kinga hiyo hudhoofika mnunuzi akiingia na kutaja tu jina la biashara la bidhaa anayoitaka. Aliyesema “nipe ile ya rangi ya machungwa” amejichagulia mwenyewe. Vilevile, aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo mkikagua, kagueni kwelikweli.

Andikeni mahitaji yenu kwenye karatasi: “Natafuta mashine ya kufyeka na kupogoa kwa kazi ya biashara, saa nne za kuzunguka kwa siku, siku sita kwa wiki.” Mpeni muuzaji, naye aandike mapendekezo yake chini na kutia sahihi, au maneno hayo yaingizwe katika ankara. Dai risiti ya EFD, na namba za mashine na za kila betri ziandikwe. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko ugomvi wa siku tatu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na ubao wa ukutani haumpi mtu ruhusa ya kudanganya. Aliyepotoshwa anaweza kupeleka lalamiko lake Tume ya Ushindani akiwa na vielelezo.

Na kabla ya yote hayo, ombeni majaribio. Muuzaji mwenye imani na mali yake, mbele ya mteja wa betri sita, atakubali kuileta mashine moja uwanjani kwenu. Ifanyisheni kazi katika nyasi zenu, kwa betri moja kutoka kujaa hadi kwisha, mkiwa na saa mkononi. Jaribio hilo la nusu saa litawaambia kuliko boksi lolote.

Nani asinunue

Sitakuwa mshauri mwaminifu nikiwaambia kwamba mashine hizi ni za kila mtu. Mwenye kazi ya kufyeka mabingobingo ekari kwa ekari, mahali pasipo umeme, bado mashine yake ni ya petroli, na pembezoni mwa mifereji fyekeo la mkono halijapata mrithi. Mwenye fedha ya mpini na betri moja tu, na siku ya saa nne za mashine, asubiri. Aanze na kazi anayoweza kuibeba: kwa mfano, abaki na petroli kwa nyasi, na atumie betri kwa ua na njia za karibu na madarasa au wodi, mahali ambapo utulivu una thamani na mwenye uwanja yuko tayari kuulipia.

Nimalizie na mama yetu. Tuliwaketisha yeye na muuzaji meza moja, bila kwenda kokote zaidi. Hesabu kama niliyowafanyia hapa ikaandikwa kwenye karatasi, na muuzaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakiri kwamba hakuwahi kuifanya kwa mteja yeyote. Viambatisho vitatu vilikuwa bado ndani ya nailoni zake. Akavichukua, na thamani yake ikawa sehemu ya malipo ya betri mbili na chaja ya haraka. Mama akarudisha mashine moja ya petroli kazini kwa saa za alasiri, baada ya vipindi, akakiomba chuo kimpe soketi moja katika chumba cha zana, na maombi hayo yakaingizwa katika mkataba. Betri nyingine akazinunua mojamoja kadiri malipo yalivyoingia. Mkataba ule hakuupoteza, ingawa ujira wa wiki ile ya kwanza aliulipa kutoka mfukoni, na hakuna mtu aliyemrudishia.

Wiki hiyo moja ndiyo ninayotaka ninyi msiilipe. Daftari na kalamu ni vya bei ndogo. Andikeni kuanzia kesho asubuhi, mashine ya kwanza itakapowashwa, na msiende dukani mpaka ukurasa wa siku ya saba ujae.

Sasa nayakaribisha maswali yenu.